Kabla Hujaanza Mazoezi, Nijibu Maswali Machache

Fomu ya afya ndiyo karatasi inayojazwa kwa haraka kuliko zote kwenye jimu. Mtu hushika kalamu, huteremsha alama ya "hapana" kutoka swali la kwanza hadi la mwisho, hutia sahihi, kisha huuliza mizani iko wapi. Nafundisha mazoezi, na ninavyowaona, wengi wao hawakusudii kudanganya. Maswali yameandikwa kwa lugha ya hospitali, mwenyewe hajioni mgonjwa, na nyuma yake kuna mwingine anasubiri kalamu. Kwa hiyo fomu naipokea, naiweka pembeni, navuta viti viwili, na tunaanza upya kwa mdomo.

Uchunguzi wa afya kabla ya mazoezi unaeleweka vibaya na watu wa aina mbili. Wapo wanaouona kuwa urasimu tu, sahihi ya kuikinga jimu isishtakiwe. Wapo pia wanaoamini kwamba mtu akishafika umri fulani asithubutu hata kutembea haraka mpaka daktari amwandikie barua. Mimi nautetea uchunguzi wa namna nyingine: mazungumzo ya kweli, yenye maswali machache, ambayo kwa watu wengi huishia na "haya, twende tukaanze", na kwa wachache huishia na "kesho nenda kwa daktari, nitakusubiri".

Tuanze na hatari yenyewe, maana inatajwa sana na kuelezwa kidogo. Mwaka 1993 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya mahojiano na watu 1,228 waliopata mshtuko wa moyo. Waliwauliza walikuwa wakifanya nini saa moja kabla ya tukio. Ilionekana kwamba katika saa inayofuata kazi nzito ya mwili, uwezekano wa mshtuko wa moyo hupanda karibu mara 6 kwa wastani. Lakini wastani huo unaficha jambo kubwa. Kwa waliozoea mazoezi mazito mara 5 au zaidi kwa wiki, uwezekano ulipanda mara 2.4 tu. Kwa wale ambao ni nadra kujishughulisha, ulipanda mara 107.

Namba hiyo ya mwisho inatisha, na sipendi itumiwe kutishia watu. Uwezekano wa mtu asiye na ugonjwa kupata mshtuko wa moyo katika saa moja yoyote ni mdogo mno, na kitu kidogo mno kikizidishwa mara mia bado kinabaki kidogo. Ninachokisoma mimi ni kingine: hatari imejazana mwanzoni. Iko kwa mtu aliyekaa miaka bila kutoka jasho, ambaye siku moja anaamua kukimbia kama alivyokimbia ujanani. Anayemwokoa mtu huyo ni mazoezi yenyewe, mradi yaongezwe taratibu. Tangu mwaka 1953, Jerry Morris na wenzake walipowalinganisha wafanyakazi wa mabasi ya London, tunajua kwamba makondakta waliopanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa siku nzima walipata ugonjwa wa moyo kwa kiwango cha chini kuliko madereva waliokaa kwenye usukani. Kukaa tu nako kuna hatari yake. Ndiyo maana uchunguzi unaomfukuza mtu kwenye mazoezi bila sababu unamdhuru.

Na hilo limetokea kwa miaka mingi. Miongozo ya zamani ya Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani, kinachojulikana kwa kifupi kama ACSM, ilihesabu umri na vihatarishi: mwanamume wa miaka 45 na kuendelea, mwanamke wa 55 na kuendelea, ongeza sigara, ongeza lehemu, ongeza uzito. Ukihesabu hivyo, watu wazima wengi sana wanajikuta wametumwa kwa daktari kabla ya kuanza. Mwaka 2015 mwongozo ulibadilishwa. Sasa yanaulizwa mambo matatu. Je, mtu huyu tayari anafanya mazoezi mara kwa mara? Je, ana ugonjwa unaojulikana wa moyo na mishipa, wa kisukari au wa figo, au ana dalili zake? Na anataka kuanza kwa kasi gani? Asiye na ugonjwa wala dalili anaruhusiwa kuanza na mazoezi mepesi au ya wastani bila barua yoyote, kisha aongeze pole pole.

Naunga mkono mabadiliko hayo kwa moyo wote. Namkumbuka mama mmoja aliyetaka tu kujiunga na kikundi cha kutembea. Hakuwa na dalili yoyote, presha yake ilikuwa nzuri, alikuwa na umri tu. Mahali fulani aliambiwa asianze mpaka akapimwe moyo kwa mashine. Kipimo kikawa mbali, foleni ikawa ndefu, na akakata tamaa. Nilipokutana naye baadaye alikuwa bado anaamini kwamba moyo wake una walakini, kwa sababu tu mtu alimwambia ukapimwe. Hofu ile ilichukua muda mrefu kumtoka.

Sasa maswali yenyewe. Dodoso linalotumika kwa wingi linaitwa PAR-Q. Lilizaliwa Kanada katika miaka ya 1970 na limeboreshwa mara kadhaa, na toleo la sasa, PAR-Q+, huanza na maswali 7. Linauliza kama daktari amewahi kukuambia una ugonjwa wa moyo au presha ya kupanda. Linauliza maumivu ya kifua, kizunguzungu kinachokupotezea mizani au kuzimia ndani ya miezi 12 iliyopita, ugonjwa mwingine sugu, na dawa unazotumia. Kisha linauliza mifupa, viungo na misuli, na kama daktari amewahi kukuambia ufanye mazoezi chini ya uangalizi tu. Ukijibu "hapana" kote, na kwa ukweli, njia iko wazi. Ukijibu "ndiyo" popote, yanafuata maswali ya kina zaidi, na wengi wanaopita hapo nao huishia kuruhusiwa.

Swali la kifua ndilo ninalolikalia muda mrefu. Ukimuuliza mtu "unaumwa kifua?" atakujibu hapana kwa sababu anasubiri maumivu ya kuchoma kama ya kisu. Moyo unaokosa damu ya kutosha mara nyingi haulalamiki hivyo. Unabana. Unaleta uzito, kama kitu kimekalia kifua, au moto unaofanana na kiungulia. Mara nyingine hausemi kifuani kabisa, bali kwenye taya, shingo, bega, mkono au mgongo wa juu. Wanawake hasa wanaweza kuja na uchovu usio wa kawaida, kichefuchefu au kukosa pumzi, bila maumivu yanayoeleweka. Kwa hiyo nauliza hivi: kuna chochote kinachokubana, kukulemea au kukuunguza popote kuanzia kiunoni kwenda juu, kinachokuja ukipanda ngazi au ukibeba mzigo, na kinachoondoka ukipumzika? Maneno hayo mawili, kuja na juhudi na kuondoka na mapumziko, ndiyo ninayoyasikiliza kuliko yote.

Halafu pumzi. Kila mtu huhema akipanda mlima. Ninachotaka kujua ni kama unahema kwa kazi ambayo mwaka jana haikukuhemesha, kama unalala kwa mito iliyoinuliwa kwa sababu ukilala chali unakosa hewa, kama usiku unashtuka ukitafuta pumzi. Nauliza vifundo vya miguu kuvimba jioni. Nauliza moyo kudunda ovyo bila sababu. Na kuzimia nakuulizia kwa makini: kulitokea ukiwa umesimama muda mrefu mahali pa joto, au katikati ya mbio? Kuzimia katikati ya juhudi hakupuuzwi hata mara moja, hata kwa kijana mwenye mwili uliojengeka vizuri.

Mzee mmoja mstaafu alikuwa ameandika hapana kila mahali. Nikamuuliza, "Mzee, ukitembea mwendo mrefu, kinachokusimamisha kwanza ni nini?" Akanijibu bila wasiwasi, "Ni miguu tu, mwalimu. Mashavu ya miguu yananikaza. Nikisimama kidogo yanaachia, naendelea na safari." Alidhani ni uzee. Hiyo ni dalili ya wazi ya mishipa ya damu ya miguuni iliyosinyaa, na mishipa ya miguuni ikisinyaa, ya moyo nayo hutiliwa shaka. Hapakuwa na swali la namna hiyo kwenye fomu aliyojaza. Alikwenda hospitali, akapimwa, akaandikiwa dawa, na akarudi na maelekezo ya kutembea, kwa sababu kutembea mpaka maumivu yaje, kupumzika, kisha kutembea tena ni sehemu ya matibabu ya ugonjwa huo. Yaani uchunguzi haukumzuia mazoezi. Ulimpa mazoezi yanayomfaa.

Swali la ukoo halimo kwenye yale 7 ya mwanzo, lakini mimi siliachi. Kuna mtu wa karibu kwenu, baba, mama, kaka au dada, aliyefariki ghafla akiwa bado kijana, au aliyeugua moyo mapema? Jim Fixx, Mmarekani aliyewavuta watu wengi sana kwenye mbio za barabarani miaka ya 1970, alifariki tarehe 20 Julai 1984 akiwa kwenye mazoezi ya kukimbia huko Vermont. Alikuwa na miaka 52. Watu wakasema mbio zimemuua. Lakini baba yake alipata mshtuko wa moyo akiwa na miaka 35 na akafariki akiwa na 43. Fixx mwenyewe alikuwa mvutaji sigara na mnene kabla hajaanza kukimbia, na uchunguzi wa mwili ulionesha mishipa ya moyo iliyokuwa imeziba vibaya. Aliacha sigara, akapungua, akakimbia, akaishi miaka 9 zaidi ya umri wa baba yake. Naamini mbio zilimsaidia. Naamini pia kwamba ukoo kama ule ulistahili kufuatiliwa na daktari kwa ukaribu, maana wepesi wa miguu hauwezi kufuta kilichoko kwenye damu ya familia.

Kwa vijana hadithi ni tofauti. Hao mara nyingi hawafi kwa mishipa iliyoziba, bali kwa kasoro ya kurithi ya moyo. Marc-Vivien Foé, mwanasoka wa Kameruni, alianguka uwanjani Lyon, Ufaransa, tarehe 26 Juni 2003, katika nusu fainali dhidi ya Kolombia, akiwa na miaka 28. Uchunguzi ulikuta misuli ya moyo wake imenenepa isivyo kawaida, ugonjwa unaorithiwa. Italia ilishaweka sheria mwaka 1982 kwamba kila mwanamichezo wa mashindano apimwe, pamoja na kipimo cha umeme wa moyo. Katika jimbo la Veneto vifo vya ghafla vya wanamichezo vilishuka kutoka 3.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka katika miaka ya 1979 na 1980, kabla ya mpango, hadi 0.4 mwaka 2003 na 2004. Israeli nayo ililazimisha vipimo kwa sheria, na watafiti wake hawakuona badiliko la namna hiyo. Wataalamu bado wanabishana. Ubishi huo ni wa wanamichezo wa ushindani, wewe unayetaka kuanza kutembea jioni hauhusiki nao.

Nalisema hilo kwa sababu kila wiki naulizwa kuhusu mashine. "Mwalimu, si bora nikapime tu moyo wote niwe na uhakika?" Uhakika huo haupo dukani wala hospitalini. Kipimo cha kukimbia kwenye mashine ya mkanda unaozunguka huku umefungwa nyaya kifuani kinaonesha kama damu inapita vizuri wakati wa juhudi, na kwa mwenye dalili ni kipimo cha maana sana. Lakini mshtuko wa moyo mara nyingi hutokana na utando wa mafuta ndani ya mshipa kupasuka na damu kuganda papo hapo, na utando huo unaweza kuwa mdogo kiasi cha kutoonekana kwenye kipimo cha jana. Kwa upande mwingine, asiye na dalili akipimwa, majibu ya kutisha yasiyo ya kweli ni mengi, na yanazaa vipimo vingine vizito zaidi. Ndiyo sababu mwaka 2018 jopo la Marekani linaloshauri kuhusu uchunguzi wa kinga lilipendekeza kutowapima watu wazima wenye hatari ndogo na wasio na dalili kwa kipimo cha umeme wa moyo.

Kipimo ninachokitaka kwa kila mtu ni cha presha, na nakitaka kipimwe vizuri. Kaa ukipumzika dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo chini, miguu haijapishana, mkono umelazwa usawa wa moyo, kibofu kitupu, bila kahawa wala sigara kwa nusu saa iliyopita. Mkanda uendane na unene wa mkono, kwa kuwa mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba. Na usiongee. Ukipata 140/90 au zaidi, rudia siku nyingine kabla hujajipa jina la mgonjwa. Ikibaki 160/90 au kupanda zaidi, hata kama unatumia dawa, PAR-Q+ inakutaka utafute ushauri kwanza. Nami huongeza: usinyanyue vyuma vizito huku umezuia pumzi, kwani kuzuia pumzi hupandisha presha kwa ghafla.

Dawa ndilo eneo ambalo watu hunificha bila kujua kwamba wananificha. Mtu anakuambia hana presha, kumbe anameza vidonge kila asubuhi na namba imetulia, basi kwake presha imekwisha. Baadhi ya vidonge hivyo hupunguza kasi ya mapigo ya moyo, na hapo hesabu ile ya 220 kutoa umri inakuwa haina kazi. Anaweza kujisukuma akitafuta mapigo ambayo dawa haitayaruhusu kamwe. (Hesabu hiyo hata kwa asiye na dawa inaweza kukosea kwa mapigo 10 au zaidi, hivyo mimi siiwekei imani kubwa.) Dawa za kuongeza mkojo humpunguzia mtu maji na chumvi kabla hata hajaanza kutoka jasho.

Mwenye kisukari anayetumia insulini, au vidonge vinavyolisukuma kongosho kutoa insulini zaidi, lazima ajue sukari yake kabla ya kuanza. Ikiwa chini ya 5 kwa kipimo cha milimoli, ale kitu cha wanga kwanza. Ikiwa juu ya 13.9 na mkojo au damu ina ketoni, yaani kemikali zinazojitokeza mwili unapochoma mafuta kwa kukosa insulini, siku hiyo apumzike na ashughulikie sukari. Na akumbuke kwamba sukari inaweza kushuka saa nyingi baadaye, hata usiku usingizini. Kama nyayo zimepoteza hisia, namwomba atazame miguu yake kila siku na avae viatu visivyombana, kwa sababu lengelenge asilolihisi linaweza kuwa kidonda cha miezi. Kama daktari wa macho amemwambia mishipa ya nyuma ya jicho ina shida, mazoezi ya kukaza mwili kwa nguvu yasubiri ruhusa yake.

Magoti, viuno na mgongo havizuii mtu kuanza. Vinachagua zoezi. Homa inazuia: ukiwa na homa na mwili unauma, lala, kwa sababu virusi vingine huushambulia msuli wa moyo, na juhudi wakati huo ni hatari. Mjamzito asiye na matatizo anaweza kuendelea na mazoezi ya wastani, lakini mazungumzo hayo ayafanye na mkunga au daktari wake.

Maswali yakishapita, uchunguzi unaendelea kwa namna nyingine, kupitia mwendo wenyewe. Kipimo ninachokitumia kila siku ni maongezi: ukiweza kuzungumza sentensi nzima lakini huwezi kuimba, hiyo ni kasi ya wastani. Anza chini ya hapo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki pamoja na ya nguvu siku 2 au zaidi, lakini hakuna aliyesema ufike huko wiki ya kwanza. Dakika kumi kwa siku zinatosha kuanzia. Ongeza muda kabla ya kuongeza kasi. Anza kila mara kwa kupasha mwili moto, na usikatishe ghafla, shusha mwendo dakika chache mpaka pumzi irudi, maana kusimama ghafla huiacha damu miguuni na kichwa kikazunguka.

Kifua kikibana katikati ya zoezi, acha. Usimalizie raundi. Keti, mwambie aliye karibu, na kama hakiachii ndani ya dakika chache, ita msaada wa dharura. Usijiendeshe mwenyewe kwenda hospitali. Akianguka mwenzako na haitiki wala hapumui kawaida, piga simu, mkandamize katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mtu akimbilie kifaa cha kushtua moyo kama kipo. Christian Eriksen, mwanasoka wa Denmark, moyo wake ulisimama akaanguka uwanjani Copenhagen tarehe 12 Juni 2021 mbele ya dunia nzima, na yu hai kwa sababu waliokuwa karibu naye walijua la kufanya na walilifanya papo hapo. Kila jimu na kila kikundi cha mazoezi kiwe na watu wenye ujuzi huo. Hili nalidai kwa sauti kubwa kuliko fomu yoyote.

Na maswali yale hayaulizwi mara moja tu. Ukibadilishiwa dawa, ukilazwa, ukipata ujauzito, ukipona maradhi yaliyokuweka kitandani, ukirudi baada ya miezi mingi ya kuacha, au ukitaka kutoka kwenye kutembea kwenda kwenye mbio za kasi, niambie kabla hujaanza. Tutaketi tena.